Mashine ya Akiba

Mashine yao ya kuchapia ilipoanza kukwama, Shomari na mkewe Tausi walikwenda dukani kutafuta ya akiba.

"Tuchukue hii," alisema Tausi. "Ikisumbua, Badi, fundi wa kampuni inayoiuza, hupokea simu papo hapo."

Jina hilo lilimchoma Shomari. Akanunua nyingine, isiyo na fundi mjini.

Siku ya kuchapa kadi za harusi, ile kuukuu ilizimika, na kompyuta ikakataa kabisa kuitambua mpya. Mama wa bibi harusi alikuwa mlangoni, anasubiri. Shomari akamkabidhi mkewe simu yake.

"Mpigie huyo Badi wako. Alete ile mashine uliyoichagua."

Namba hiyo haikuwemo kwenye simu ya Shomari. Tausi akaibonyeza yote kutoka kichwani, akageukia dirishani.