Hodi ya Saa Nne

Siku hizi jambo lisiloelezeka lazima liripotiwe. Wataalamu huja kulieleza, na likishaelezwa halitokei tena. Mimi sikuripoti hodi ya marehemu mume wangu, anayoipiga kwenye mlango wa uani kila saa nne asubuhi nikichagua mchele. Aliyeripoti ni mkamwana wangu, Mwanakheri.

Leo mtaalamu ameketi jikoni na mashine yake. "Bibi, ukimwitikia tu, nimeinasa."

"Hodi," ikaja. Nikainamia ungo.

"Hodi."

"Mama, itikia yaishe," Mwanakheri akaninong'oneza.

"Hodi."

Asiyekaribishwa mara ya tatu huondoka, wala harudi. Nalijua hilo, nikafumba mdomo: heri aende zake kuliko kunaswa na kuelezwa. Ndipo komeo la ndani la mlango ule lilipoanza kusogea lenyewe, na marehemu hakuwahi kuingia bila kukaribishwa.