Bangili ya Bi Sekela

Katika mtaa ule mtoto akipigwa, aliyeumia ni afisa ustawi wa jamii. Mzazi aliinua mkanda, mtoto asisikie kitu. Ngozi iliyochanika ilikuwa ya Bi Sekela, mvaa bangili ya kuyapokea mapigo hayo tangu usichana wake.

Siku ya kumuaga akistaafu, wakampikia pilau na kumvisha kanga mpya. Mkuu wa wilaya akiwa katikati ya kumsifu, mkanda ukamshukia Bi Sekela mgongoni, paa! Damu ikalowesha kanga. Watu wakapiga makofi, wengine wakilia.

"Huyo ni Gwakisa," Bi Sekela akamnong'oneza mkuu. "Anampiga Tusa, bintiye. Akianza haachi upesi. Nani anavaa bangili baada yangu?"

"Mwingine atapatikana mwakani, mama. Wewe umeumia vya kutosha. Pumzika."

Mkanda ukashuka tena, chuma chake kikamvunja jino. Mkuu akamvua bangili kwa heshima zote, ukumbi ukalipuka kwa vigelegele.

Bi Sekela akakaza mgongo kungoja pigo la tatu. Halikuja.

Akamrukia mkuu, akamng'ata mkono ulioshika bangili mpaka mfupa.

"Nirudishie! Gwakisa bado hajamaliza!"