Mpangaji wa Chumba Namba Sita

Mpangaji wa chumba namba sita hakuwahi kuwasha taa.

Mwaka mmoja na miezi miwili, kufuli lilining'inia pale pale, dirisha limefungwa, hata harufu ya kitunguu haikuwahi kutoka humo. Lakini kila tarehe moja, kabla ya saa nne asubuhi, dalali alifika na bahasha. Kodi ilikuwa kamili, noti zimekunjwa mara nne nne, mpaka ukizifungua zinakataa kulala.

"Ni dereva wa malori ya mbali," dalali alimwambia mwenye nyumba siku alipouchukua ufunguo. "Anataka pa kuweka godoro lake tu. Yeye hutamwona, hela utaiona."

"Basi mimi na hela yake tutaonana," akajibu mwenye nyumba, wakacheka.

Mwenye nyumba alikuwa mgeni katika kazi ya kupangisha. Vyumba sita, mstari mmoja, kavijenga kwa mkopo wa benki, na dhamana ilikuwa nyumba ya mama yake. Mama mwenyewe alikwenda akatia dole gumba, kavaa viatu vyake vya kutokea. Funguo mwenye nyumba alizitundikia vifuniko vya soda, namba akazigonga kwa msumari kwa mkono wake. Ile sita ilimshinda, ikapinda kama konokono.

Afisa mikopo hakumficha. "Vyumba vyote vikiwa na watu, rejesho linatoka na wewe unabaki na ya sabuni. Kimoja kikikaa wazi, utapungukiwa. Miezi mitatu ukipungukiwa, tunakuja kuipiga mnada nyumba ya mama."

Vitano vilijaa upesi. Cha sita kilitazamana na choo. Watu walichungulia, wakaondoka wameshika pua. Mwenye nyumba alikonda, usingizi ukamhama. Ndipo dalali akaja na habari za dereva.

Kila Jumapili mwenye nyumba alikuwa akienda kwa mama yake.

"Karibu, baba mwenye nyumba," mama alimtania, mguu ukiwa kwenye cherehani. "Wapangaji hawajambo?"

"Wananitoa jasho, mama. Fundi viatu ananilipa ahadi. Yule mfua nguo analia kabla sijafungua mdomo. Laiti wote wangekuwa kama huyu wa namba sita."

"Basi mshukuru."

"Nimempandishia kodi. Mtu asiyenung'unika huyo anayo."

Mama aliinama akatafuta sindano sakafuni, akakawia kuinuka. "Umempandishia kiasi gani?"

Akamtajia.

"Pengine naye ana wanaomtegemea, mwanangu."

"Hii ni biashara, mama. Huruma haijengi choo."

Mama akacheka kidogo, akaendelea kushona.

Jumapili nyingine cherehani halikuwepo. Mama alisema macho yamechoka, amempa mtu. Mwanawe akafurahi, si vizuri mtu mzima kuinamia nguo za watu kutwa. Mwezi wa tisa akampandishia namba sita tena, naye akalipa, noti zimekunjwa vile vile. Alipokwenda kwa mama yake akakuta kabati la vyombo limeondoka, ukuta umeacha alama nyeupe ya umbo lake.

"Sasa nafagia kwa raha," mama alisema. Alikuwa mezani, kisu mkononi, anakikata katikati kidonge chake cha presha.

"Kwa nini nusu?"

"Kizima kinanilevya."

"Kata taratibu basi, usijikate kidole."

Tarehe ishirini na nane dada yake alimpigia simu. Mama ameanguka jikoni, yuko wodini, mdomo umekwenda upande. Hospitali imeandika sindano ambazo hawana, za kununua nje. Ghali.

Mwenye nyumba alipapasa mifuko kama mtu anayetafuta kitu alichojua amekipoteza. Benki ilikuwa imechukua rejesho juzi tu. Alibisha kwa fundi viatu, akapewa ahadi nyingine. Alibisha kwa mfua nguo, akapewa machozi.

"Nivumilie mpaka tarehe moja," alimwambia dada yake. "Namba sita hajawahi kuniangusha."

"Kaka, siku nne hizo."

"Tarehe moja asubuhi, mwambie mama, nakuja na sindano zake."

"Nimemwambia," dada akasema. "Ametikisa kichwa."

Tarehe moja alitoa kigoda akakaa ukumbini, ametazamana na lile kufuli. Saa nne ikapita. Saa sita ikapita. Saa nane akamfuata dalali kijiweni kwake, akamkuta amejiinamia, chai yake imepoa.

"Bahasha iko wapi?"

"Mwezi huu hakuna."

"Hakuna vipi? Amehama?"

"Nenda hospitali, ndugu yangu."

"Niende mikono mitupu? Nipe namba yake ya simu, huyo dereva."

"Nenda kwa mama yako," dalali akasema, na hakuinua uso.

Akaenda, anamtukana dereva njia nzima. Akirudi atalivunja kufuli kwa nyundo, na godoro la mtu huyo litalala mtaroni.

Wodini godoro la mama lilikuwa limeshakunjwa. Dada yake alikaa chini, mgongo ukutani, kajifunika uso. Muuguzi alimpa pole mwenye nyumba, kisha akamtaka atie sahihi, akamhesabia vitu vya marehemu kutoka kwenye mfuko mdogo wa nguo: kitambaa cha kichwa kimoja, miwani moja, vidonge nusu saba.

"Na ufunguo huu. Alikuwa ameushika, tumemfumbua vidole. Nadhani ni wa nyumbani kwake."

Aliupokea. Ulitundikwa kwenye kifuniko cha soda, na juu ya kifuniko palikuwa na namba iliyogongwa kwa msumari, imepinda kama konokono.