Sauti ya Nne

Zama hizo kila sikio lilipandikizwa kifaa kilichogeuza sauti chungu kuwa tamu. Mzee Shemdoe peke yake mtaani ndiye aliyekuwa hajapandikizwa, na zamu yake ilikuwa kesho asubuhi.

Alasiri hiyo alipiga kinanda chake sauti nne za jazi kwa pamoja, tatu zikipatana na ya nne ikizikwaruza. Miaka mitatu alikuwa ameitafuta hiyo ya nne, na alitaka walau mtu mmoja aisikie pamoja naye kabla ya kesho. Akazirekodi kwa tepurekoda kuukuu ya babu yake, akiamini kuwa mtambo wa kale ungekihadaa kifaa. Kisha akamwita mkewe.

"Mama Hidaya, fumba macho usikilize. Unasikia inavyouma?"

"Inauma wapi, baba? Asali tupu! Wewe na makopo yako ya makumbusho."

Akairudia kanda mara ya pili, hata ya tatu. Mkewe akatabasamu vilevile.

Mzee Shemdoe akainamia kinanda, akalia kwa kwikwi kama mfiwa.

Mama Hidaya, macho bado kayafumba, akaanza kutikisa mabega taratibu.

"Haya, huo sasa ndio wimbo," alisema. "Usiukatishe."