Gundi ya Miaka Sita

"Futa jina lako, andika langu," mkurugenzi wa maabara alisema, akimsogezea mtafiti fomu ya mwanzilishi wa kampuni.

Mtafiti hakufuta haraka. Gundi ile ya kuunga vigae ilikuwa jasho lake la miaka sita, na makovu ya vidoleni yalishuhudia hilo. Sasa serikali ilitaka itoke maabarani, iundiwe kampuni, iingie madukani.

"Mzee, mimi nitabaki na nini?"

"Utabaki na maabara. Si ndiyo unayoipenda?"

Aliipenda, na hapo ndipo palipomuuma. Watafiti wote waligombania hadubini moja yenye ufa, ilhali mpya ilikuwa pambo ofisini kwa mkurugenzi, kando ya maua ya plastiki. Tena kila alichoandika mtafiti kilitoka na jina la mkubwa: ripoti, hotuba, hata mwongozo wa kuanzisha kampuni. Mkono mtupu haulambwi, lakini wa mkurugenzi haukuwahi kuwa mtupu. Ulijaa vya wenzake.

"Basi soma kwanza mwongozo, mzee. Ukurasa wa tisa una..."

"Binti yangu, nimeanza kusaini karatasi za serikali wewe bado unanyonya. Lete kalamu."

Akafuta jina lake, akaandika la mkurugenzi, akaleta kalamu. Katibu muhtasi, aliyeitwa kuwa shahidi, alipaliwa na chai ghafla, akageukia dirishani. Mkurugenzi alitia saini kwa madaha mpaka wino ukapenya upande wa pili.

Jumatatu asubuhi kadi yake ilikataa kufungua geti. Aliigusisha tena, akaipangusa kwenye suti, akaigusisha tena. Katibu muhtasi akashuka na boksi. Maua ya plastiki yalikuwa yanachungulia juu.

"Hongera kwa kampuni, mzee," alisema, akimfungulia mwongozo ukurasa wa tisa. "Mwanzilishi huacha utumishi wa umma siku ile ile anapotia saini."

Ghorofani, kwenye dirisha la ofisi ya mkurugenzi, mtafiti alionekana ameikumbatia hadubini mpya, akiipeleka maabara.

Mkurugenzi alisoma mstari ule mara mbili. Jasho likamtoka.

"Nani kaandika upuuzi huu?" alifoka. "Nitamfukuza kazi leo hii!"

Katibu muhtasi aliufunga mwongozo taratibu, akamwonyesha jalada.

"Wewe, mzee. Jina ni lako peke yako."