Jina Lililotumika Kazini

Saa mbili asubuhi, Badi Mwinyi aliachia usukani wa kreni bandarini, upande wake wa kulia ukapooza, na maneno yote yakampotea. Kiharusi kilimpata kazini, kwa hiyo sheria ya fidia ilimhusu: mwajiri humrudishia mfanyakazi maneno aliyoyatumia kazini, kwa maana yake ya kazini, na hayo tu. Hospitali iliyapandikiza kwenye ubongo wake.

Alirudi nyumbani akitamka vizuri. Akitaka chai, alimwambia mkewe, "Shusha." Mjukuu akilia, alisema, "Mzigo unayumba." Jina la mkewe, Mwanakheri, hakuwa nalo.

Dere, mwenzake wa zamu, alikuja kumjulia hali, akaelezwa habari ya jina.

"Shemeji, nani kasema hakulitumia?" alicheka. "Kreni yake aliipa jina lako. Kutwa tunamsikia: Mwanakheri, pandisha! Mwanakheri, acha kudeka!"

"Mimi na dude lile?" alisema Mwanakheri. "Haya, nenda ukawaambie."

Dere alitoa ushahidi kwa mwajiri. Jina likakubaliwa, na Jumatatu likapandikizwa.

Jioni hiyo Mwanakheri alivaa kanga mpya, akaketi mbele ya mumewe.

"Haya, mume wangu. Niite."

Badi alimtazama kwa adabu. Kisha akageuza shingo kuelekea dirishani, ambako kreni ilionekana juu ya mapaa.

"Mwanakheri," alisema, kwa sauti safi.

Mwanakheri aliinuka, akafunga dirisha. Badi aliita tena, macho yakiwa palepale.