Unyoya wa Mto wa Mama

"Bibie, kuku wako huyu ni bata," alisema mkuu wa maabara, macho yameganda kwenye kompyuta.

Fundi wake alicheka. Kisha kicheko kikamkauka mdomoni.

Walikuwa wakimsaka mtegaji anayewamaliza bata wahamaji kule bwawani, na kipimo kilihitaji unyoya wa kuku wa kulinganishia. Kwa uvivu wa kwenda sokoni, fundi aliuchomoa kwenye mto wa kulalia ambao kaka yake alimletea mama alipoanza kuumwa shingo. Kaka aliapa ni manyoya ya kuku. Mama alimwombea dua mpaka akatokwa na machozi.

"Vinasaba haviongopi. Huyu ni wa kundi letu la bwawani. Umemtoa wapi?"

Unyoya ulikuwa bado kwenye kibano. Shinani umenasa uzi mwekundu wa foronya ambayo fundi aliishona kwa mkono wake mwenyewe.

Na ni yeye aliyezoea kusema: mtegaji akipatikana afungwe, hata awe mtoto wa nani.

Simu ikatetemeka mezani. Ujumbe wa kaka: "Mwambie mama mto wa pili uko tayari."

"Nimekuuliza, umemtoa wapi?"

Fundi akaweka kibano mezani.

"Kwa mtoto wa mama yangu."